Uliza Fundi: Hiace ya mizigo, godoro ndani, safari porini

Mwezi huu barua za magari ya kulala zimejaa mezani, naona watu mmechoka na gesti. Nimechukua chache, nyingine zinauliza kitu kilekile kwa hiyo mkiona swali lako limejibiwa kwa jina la mwenzio msinune.

Fundi habari za kazi. Nimepata Hiace ya mizigo, ile ya fowili, dizeli ya 3.0, nyuma haina kiti wala dirisha. Nataka niigeuze tulale mimi na mke wangu, safari ya kwanza Ziwa Natron. Seremala keshanipigia hesabu ya kabati pande zote mbili, kitanda futi tano kwa sita, sinki, na juu keria kubwa la chuma. Washkaji wanasema niiinue iwe kama Land Cruiser. Nianze na nini? (Msomaji, Arusha)

Salama kaka. Anza kwa kumwambia seremala atulie kwanza, sio kwamba kazi haijui, ila wewe bado hujajua gari yako inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Nenda mlango wa nyuma, kama stika ya Kijapani haijabanduliwa utaona namba inayoishia na kg, inaweza kuwa 1000, inaweza kuwa chini ya hapo. Hiyo ndo mzigo wa mwisho, na usidhani ni mingi maana inaisha bila kelele. Shiti moja la plaiwudi ya milimita 18, lile la futi nane kwa nne, lina kilo 30 na zaidi, na kwa kabati pande zote mbili hutumii shiti moja. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Mtungi wa gesi wa kilo sita ukiwa umejaa unakaribia kilo 13 pamoja na chuma chake. Betri, friji, godoro, spea, nguo, chakula, mabegi ya mama, na hapo keria la chuma hujaliweka. Kabla hujagusa kitu tafuta mizani ya ghala la mazao au ya wanunua chuma chakavu uipime ikiwa tupu, afu ipime tena kazi ikiisha, mbele peke yake na nyuma peke yake, ujue mzigo umelalia wapi.

Kwa hiyo kabati fanya upande mmoja tu, plaiwudi ya milimita 9 au 12, na fremu ya skwea paipu nyembamba. Sinki achana nalo, beseni linatosha na mkeo hatakuacha kwa ajili hiyo. Keria kubwa la chuma sitaki hata kulisikia. Hiace ni ndefu kwenda juu na nyembamba, ukiipandishia kilo mia juu ya bati halafu ukaingiza tairi za upande mmoja kwenye korongo utajua nasema nini. Juu weka paneli ya sola na mbao za kukwamulia basi.

Sasa hii ya kuinua ndo wengi wanaharibia. Hiace hizi zilizoanza kutoka 2004, kwa mbele hazina springi ya kujikunja wala majani, zina toshenba, chuma kirefu kinachojipinda, na fundi yeyote wa gereji anaweza kukaza bolti mbili gari ikanyanyuka mbele ndani ya nusu saa bila kununua kitu. Rahisi mno, ndo maana kila mtu anafanya. Ila ukizidisha sentimita mbili na nusu hivi, shafti za mbele zinakaa kwa pembe mbaya, buti za mpira zinachanika, bolijointi zinakula, na gari inakosa nafasi ya kushuka tairi likiingia shimoni, yaani inagonga kama mkokoteni. Inua kidogo hivohivo, nyuma ongeza jani moja la springi kama mzigo umezidi, weka shokapu mpya nzuri pande zote nne, nenda kapime alaimenti, imetosha. Hela iliyobaki nunua matairi.

Kwenye matairi nisikilize vizuri. Fowili ya hiyo Hiace haina ile gia nzito ya kutambalia, na haina kitufe cha kuifunga, inafanya kazi yenyewe kupitia kifaa chenye mafuta mazito katikati kinachohisi kwamba tairi za nyuma zinazunguka haraka kuliko za mbele, mafuta yanapata moto, yanakaza, nguvu inaenda mbele. Ukifunga matairi mapya nyuma na yaliyoisha mbele, au saizi mbili tofauti, kile kifaa kinadhani gari inateleza muda wote, kinachemka hata kwenye lami ya Makuyuni na mwisho wake kinakufa. Manne yafanane, kampuni moja, saizi moja, yachakae pamoja. Chukua ya AT, yaani ya lami na rafu rodi, yenye uwezo wa mzigo, matairi ya kwanza ya Hiace za mizigo yanaandikwa 107 ubavuni, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 975. Usije ukaletewa tairi la gari ndogo lenye meno makali ukafurahia sura yake.

Ndani sasa. Upana wa Hiace ya kawaida ni kama mita moja na nusu, na futi tano ni sentimita 152, kwa hiyo hicho kitanda cha seremala hakiingii na kama kitaingia kwa kukilazimisha mtalala mkiwa mmebanwa na bati na hapatabaki pa kupita. Godoro la futi nne kwa sita, sponji ngumu, weka ubavuni upande wa dereva, pembeni panabaki upenyo wa kupitisha miguu hadi mlango wa kuslaidi. Kusimama msahau, kwenda juu ni sentimita 130 na kidogo. Halafu injini ipo chini ya viti vya mbele, unaijua, kila ukitaka kuangalia oili unanyanyua kiti, sasa nimeshaona gari mtu kajenga kabati likaegemea kabisa mgongo wa kiti, kiti hakinyanyuki, kupima oili mpaka avunje kitanda. Acha nafasi. Na sehemu ya kuzungushia ili kushusha tairi la akiba usiifunike na sakafu yako, tairi litapasuka Engaruka usiku we unatafuta msumeno.

Kabla ya kutoboa sakafu, fundi alale chini ya gari aone kuna nini upande wa pili. Kule kuna tangi la mafuta na paipu za breki, na drili haina macho. Kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kama unakata bati kuweka dirisha au feni ya juu, ziba kwa ile gundi nyeusi ya vioo vya magari, sio silikoni ya bafuni, ile inaachia baada ya miezi michache ya jua na mtikisiko.

Kuhusu njia yenyewe: lami mpaka Mto wa Mbu, hapo unakata kulia, rafu rodi kupitia Engaruka mpaka Engaresero, kijiji cha hapo Natron. Kiangazi Hiace yako inafika kama hujaijaza. Vile vimatuta vidogovidogo vinavyotingisha gari mpaka nati zinajifungua ndo adui namba moja, kwa hiyo punguza upepo kidogo, ukikutana na mchanga wenyewe shusha zaidi, kwa Hiace yenye mzigo kama psi 25 hivi, nenda taratibu, ukitoka jaza tena kwa pampu ya volti 12, usikimbize tairi laini itachemka. Makorongo ya huko ni makavu lakini mvua ikinyesha juu milimani maji yanashuka kwenu mkiwa hamjaona hata wingu. Usilale kwenye mchanga wa korongo hata pawe pazuri vipi, na maji yakiwa yanapita usivuke ambapo hujatembea kwa mguu kwanza. Masika usiende, subiri. Vumbi la kule ni laini kama unga, litaingia kwenye mpira wa mlango wa nyuma, badilisha huo mpira kabla ya safari, ni hela ndogo sana ukilinganisha na kulala juu ya godoro la majivu.

Mwisho bima. Kadi inasema gari ya mizigo. Nenda TRA na kwa watu wa bima waulize kabla hujakata bati, wakupe majibu kwa maandishi.

Shikamoo fundi. Mume wangu amemaliza kutengeneza van yetu, kitanda kizuri kabisa, anasema watoto wawili watakaa kitandani tukiwa njiani, kuna sponji hawataumia. Mi roho inasita. Ni sawa? (Mama, Dodoma)

Marahaba mwanangu, na roho yako iko sahihi. Sponji haimshiki mtoto, gari ikifunga breki kwa kasi ya 80 mtoto anaendelea na ileile 80 mpaka akutane na kitu, na kitu hicho ni kiti chako au kioo. Van ya mizigo nyuma haikuwekewa sehemu za mikanda kwa ajili ya abiria. Tafuteni kiti cha nyuma cha Hiace ya abiria, kipo kwa wauza spea za mtumba, kina mikanda yake, kifungwe kwa bolti zinazopita sakafu mpaka chini zikiwa na bati nene upande wa pili, sio skruu za mbao. Fundi asiyetaka kuweka hayo mabati mwacheni aende. Kiti kinaweza kukunjwa usiku kikawa sehemu ya kitanda, mwambie baba atafurahi ana kazi nyingine ya kufanya wikendi.

Fundi niambie kwa lugha nyepesi, betri gani na sola gani kwa friji ndogo ya lita 40, taa na kuchaji simu? Kila duka linasema lake. (Msomaji, Tanga)

Friji ya kompresa ya volti 12 ikiwa inazunguka inakula kama wati 45. Kwa joto la Tanga chukulia inazunguka nusu ya siku, masaa 12, hapo ni wati-saa 540. Taa za LED na simu weka 100. Betri ya lithiamu ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, ina kama wati-saa 1,280, kwa hiyo una siku mbili hivi bila jua. Betri ya asidi ya Ah 100 usiimalize zaidi ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo una siku moja tu, halafu ni nzito karibu mara mbili na nusu, na ikichajiwa inatoa gesi ya kulipuka, ikae kwenye boksi lenye tundu la kutolea hewa nje. Paneli ya wati 200 ikilala juu ya bati la moto na vumbi lake hesabu 600 mpaka 700 kwa siku ya jua zuri, inatosha.

Ukitaka pia ichaji gari ikitembea, weka chaja ya kati ya betri ya gari na hii ya ndani, ya ampea 30, waya wa shaba wa milimita za mraba 16, usikubali wa 6 ukaambiwa unatosha, njia ni ndefu umeme utaishia njiani kwa joto. Na fyuzi ziwe mbili, moja kila mwisho wa waya, karibu kabisa na betri, maana pande zote mbili kuna betri na waya ukichunika katikati inakuja kuwasha kotekote. Hapa ndo van nyingi zinapoungulia, sio kwenye jiko.

Fundi sasa. Huku Nairobi naambiwa Hiace ni ya watu wa matatu, nitafute Delica kwa sababu ndiyo van ya porini kweli. Niagize Japani? (Msomaji, Nairobi)

Waliokwambia hawajakosea. Delica Space Gear ile ya miaka ya 90 ina gia nzito ya kutambalia na unachagua mwenyewe fowili au tu-wili, kwenye matope inaiacha Hiace mbali. Shida ni kwamba Japani waliacha kuitengeneza 2007, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo kuagiza haiwezekani, utanunua iliyopo tayari nchini, imechoka, na kichwa cha ile injini ya 2.8 kinapasuka ikichemka. Angalia maji ya rejeta kabla ya kulipa, washa iungurume muda mrefu uone kama maji yanachemka na mapovu. Delica mpya, D:5, ni gari nzuri ya familia ila haina ile gia nzito, usiuziwe kwa sifa za babu yake. Mi kama ni safari za Mara wakati wa ukavu ningechukua Hiace yenye spea kila kona, kama ni udongo mweusi wakati wa mvua basi hata Delica itakaa hapohapo mpaka trekta lije.

Nikipika ndani na mtungi mdogo mlango ukiwa wazi kidogo, kuna neno? (Msomaji, Morogoro)

Lipo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haitoki dirishani, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda chako. Mtungi ukae kwenye kasha lake lenye tundu linalotoka chini ya gari, mbali na betri. Kupika pika nje, mlango wa nyuma unakukinga na mvua. Mkaa ndani ya van usiingize hata ukiwa umebaki majivu tu, pale ukingoni Ngorongoro usiku kuna baridi kweli na watu hushawishika kuweka jiko ndani wapate joto, moshi usioonekana unawalaza moja kwa moja. Chukua blanketi la pili. Na neti za madirisha zishonwe na sumaku pembeni, zinakaa vizuri kwenye bati na unazitoa kwa mkono mmoja.