Watu 14, wiki 6, choo kimoja

Ugomvi wa kwanza katika kambi yetu ya watu wa kompyuta ulikuwa wa sufuria. Siku ya tatu asubuhi sufuria kubwa ya ugali ilikutwa na ukoko wa jana, na watu 14 wenye akili zao wakapita mmoja mmoja wakiitazama kana kwamba itajiosha. Saa nne ilikuwa palepale. Saa sita mama aliyekuwa anatupikia akafunga kanga yake vizuri, akasema leo hapiki. Alikuwa na haki kabisa.

Naanza na sufuria kwa sababu wanaoniuliza habari za kambi ile huanza na mambo ya seva na kasi ya intaneti. Huko nitafika. Ila kama nawe unafikiria kuwakusanya wenzako mkae nyumba moja wiki kadhaa mkijenga kitu, anza kufikiria jikoni.

Wazo lenyewe si la kwetu. Wajerumani wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi wa kompyuta, wamekuwa wakipiga mahema tangu 1999, kila baada ya miaka 4: wanavuta umeme na nyaya za mtandao hadi hemani, wanaishi siku chache, kisha wanang'oa kila kitu. Vile vyoo vya plastiki vya kukodi wanavigeuza vibanda vya kuwekea mitambo ya mtandao, jambo lililonichekesha sana nilipolisoma. Wanaojitolea kufanya kazi za kambi huitwa malaika. Halafu mwaka 2023 Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum, akawakusanya watu wapatao 200 huko Montenegro kuanzia Machi 25 hadi Mei 25, wakaishi pamoja na kuiita Zuzalu. Wale walikaa sehemu ya mapumziko kando ya bahari. Sisi tulikaa Katubuka, mjini Kigoma, nyumba ya vyumba vitano na choo kimoja, kuanzia Juni 8 hadi Julai 20 mwaka 2024.

Kwa nini Kigoma? Mjomba wangu yuko Ujiji, hilo la kwanza. La pili, Kigoma ni mwisho wa reli. Mtu aliyekubali kukaa kwenye treni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar hakuja kuchungulia. Kambi ya aina hii ukiiweka Dar, kila jioni nusu ya watu wana harusi au kikao cha harusi. Watano walitoka Dar, wawili Mwanza, mmoja Bujumbura, waliobaki ni wa Tabora, Kasulu na Kigoma mjini.

Tulikuja na mpango mzuri kwelikweli: bei za dagaa kutoka kwenye mialo zikusanywe na kutumwa kwa ujumbe wa simu, ili mvuvi wa mbali ajue mwaloni Kibirizi leo wananunuaje. Tulikuwa na michoro. Tulikuwa na jina. Kitu kimoja hatukuwa nacho: kalenda. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa shughuli za uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "mmekuja kupima bei ya kitu ambacho hakipo?" Kwa wiki 6 tukaishi Kigoma bila dagaa wabichi, tukila maharage, sombe na ugali wa muhogo. Mawese, nashukuru, hayakuwa yamefungwa.

Kwa hiyo kabla hujachagua tarehe, mpigie mtu anayeishi huko na umuulize mwezi huo watu wanafanya nini. Usimuulize kama wazo lako ni zuri, maana atakuambia ni zuri kwa adabu tu.

Jambo moja nililifanya sawasawa, na ni kwa sababu mjomba alinilazimisha. Siku mbili kabla ya wenzangu kufika alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo, marahaba, tukaketi. Nikamkabidhi karatasi yenye majina yote, kila mtu anatoka wapi, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Ya mwenzetu wa Bujumbura niliandika na pasipoti. Mkoa wa mpakani huu, nyumba yenye wageni 14 haiwezi kukaa kimya. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Hao vijana watakesha na taa zinawaka wakifanya nini?" Nikamweleza kwa dakika 20, na nikagundua kwamba mimi mwenyewe sijui vizuri.

Wiki ya pili uvumi ukaenea mtaani kwamba pale kwenye geti la bluu ndipo wanakaa wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukitazama kwa jicho la jirani, vijana wenye simu nyingi, laptopu, hawaendi kazini, utamlaumuje? Mwenyekiti ndiye aliyejibu kwa niaba yetu, hata kabla hatujajua kwamba tunasemwa. Tungekuwa tumemwendea baada ya uvumi, ingekuwa hadithi nyingine. Baada ya hapo tukawa tunafungua geti kila Jumatano jioni, anayetaka aje aone. Kwa kuwa ilikuwa likizo ya Juni, walijaa wanafunzi wa sekondari. Tuliwawekea Wikipedia ya Kiswahili kwenye seva yetu ndogo, kompyuta ya ukubwa wa kiganja iitwayo Raspberry Pi, kwa kutumia Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, wakawa wanaisoma kwa simu bila kulipia bando. Kazi ya jioni moja tu, na ndiyo iliyotupa majirani.

Sasa umeme. Nyumba ilikuwa na LUKU, na mwenzetu mmoja wa Mwanza alikuja na paneli, inveta ya wati 1,000 na betri ya volti 12, ampia-saa 100. Tukajiona tumefika. Zidisha: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ukiinyonya chini ya nusu unaiua, kwa hiyo chako ni 600. Laptopu moja iliyo kazini inakula kama wati 50, nane ni 400. Umeme ukikatika una saa moja na nusu, basi. Usiku wa siku ya tisa, watu wanane wakiwa wamechomeka kimya kimya, wa tisa akachomeka jagi la kuchemshia maji la wati 1,500. Inveta ililia kama mtoto, ikazima. Seva ikafa, na kazi ya siku mbili ya dada mmoja wa Dar ikafa nayo kwa sababu hakuwa na nakala. Hakumsemesha mwenye jagi kwa siku nne. Ndani ya nyumba yenye choo kimoja, siku nne ni nyingi.

Tulichofanya baadaye ndicho tungefanya siku ya kwanza: betri ikabaki ya seva na ruta tu. Hivyo viwili kwa pamoja havikuzidi wati 15, na zile wati-saa 600 zikavibeba saa 40. Laptopu ina betri yake, ikizima mwenyewe akalale. Nasema hivi kwa uzito: watu wengi waliokuwa wakigombana kambini kwetu walikuwa hawajalala. Ukikatika umeme saa nne usiku na watu wakalazimika kulala, asubuhi yake mambo mawili matatu yaliyokuwa yanaonekana ni ya misimamo yanageuka kuwa si kitu.

Na kabla ya kusafiri, kila mtu azime masasisho ya kujipakua yenyewe kwenye simu na laptopu. Sisi bando la wiki liliisha usiku mmoja, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa macho.

Turudi kwenye sufuria. Baada ya mama kugoma tulikaa kikao, na katika kikao hicho kikasemwa kilichokuwa hakisemwi: kwa siku tatu vyombo vilikuwa vinaoshwa na mabinti watatu tu. Hakuna aliyewapangia. Waliviona vichafu wakaviosha, na sisi wengine hatukuviona. Mmoja wao akasema, "Mimi nimekuja na laptopu kama ninyi." Kimya. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango na nilitamani kutoka.

Watu 14 ni jozi 7, wiki ina siku 7. Kila jozi ikachukua siku: kuchota maji yakikatika, sokoni, vyombo, choo, kufagia. Aliye zamu hafungui laptopu siku hiyo mpaka jioni. Kaka mmoja akataka kumlipa mwenzake amfanyie zamu, elfu kumi kila mara. Tulibishana karibu saa mbili, maana aliyekuwa anataka kulipwa naye alikuwa na shida ya hela kweli. Tukakataa. Mpaka leo sina uhakika wote kwamba tulimtendea haki yule wa pili, lakini naamini tungekubali, kufika wiki ya nne nyumba ingekuwa na mabosi na watumishi, na hapo hakuna kambi tena.

Hela. Kila mtu alichanga 250,000, jumla 3,500,000. Wawili walitoa nusu na wakamalizia wiki ya tano, na tulikubaliana hivyo mbele ya wote, si pembeni. Dada wa Tabora alikuwa kijumbe wetu. Mwanzoni aliandika matumizi kwenye jedwali la mtandaoni lililopangwa vizuri, hakuna aliyelifungua. Akaanza kuandika kwa kalamu kwenye karatasi aliyoibandika mlango wa jikoni, na kila mtu akawa anaisoma akisubiri chai. Ndipo mtu akauliza kwa nini vocha zimezidi mchele. Utaratibu wa kufunga hesabu tuliuiga kwa wavuvi. Mjomba alitueleza kwamba kwenye mitumbwi ya dagaa gharama hutolewa kwanza, mafuta, chakula, matengenezo, ndipo kinachobaki kigawanywe, na hesabu hufungwa wakati wa mbalamwezi maana usiku wa mwezi dagaa hawafuati taa. Sisi tulifunga kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aliyekuwa na kinyongo cha hela alikisema hapo au akakimeza.

Ukiniuliza, wavuvi ndio wataalamu wa kambi za muda. Wanaishi kwa makundi msimu mzima, kila mtu anajua kazi yake, na siku ya kuhama wanajua nani anabeba nini. Sisi tulijua kufika tu. Hilo la kuondoka ndilo lililotushinda, na ndilo ningelipanga kwanza nikirudia.

Maana kilichotokea ni hiki. Kwa kuwa ziwa limefungwa, mafundi wa taa za uvuvi walikuwa na nafasi. Zamani taa zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za LED na betri. Fundi mmoja wa Kibirizi, mtu mzima, akaja Jumatano moja na betri tatu zilizokufa akitaka kujua kama tunaweza kuzifufua. Hatukuweza. Ila mwenzetu wa Mwanza akamuuliza zinakufaje, ikaonekana zinanyonywa hadi mwisho kila usiku. Ugonjwa uleule wa betri yetu! Wakati huo alikuwa ameshatengeneza kidude cha kukata umeme betri yetu ikishuka hadi volti 11.8, ili pasitokee jagi la pili. Wakakaa wawili wale barazani siku nne, mzee akifundisha jinsi ya kuzuia maji yasiingie, kijana akiunga nyaya kwa risasi ya kuchomelea. Vikatoka vidude vitano, vimefungwa ndani ya makopo ya plastiki. Mpango wa bei za dagaa hakuna aliyeukumbuka tena.

Julai 20 jioni tukala pamoja, mwezi ukiwa karibu kujaa, tukapiga picha, watu wakalia kidogo. Kesho yake nyumba ikawa tupu. Vidude vitano tulimwachia fundi "avijaribu ziwa likifunguliwa". Nani angepokea majibu yake, nani angetengeneza cha sita, mchoro ulikuwa kwenye laptopu ya nani: hatukuandika popote. Tulikuwa na jina la kundi la WhatsApp tu.

Mwishoni mwa Agosti mzee akanipigia. Kimoja kimeingia maji. Vinne vinafanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo tatizo. "Mwanangu, dagaa wameshakusanyika chini ya taa, wavu bado haujainuliwa, mara paa, giza. Wanatawanyika wote. Vijana nusura wanitupe majini." Anataka kisikate ghafla. Kilie kwanza, robo saa hivi, mtu ajue ainue wavu.

Nikapeleka ujumbe kwenye kundi. Saba wakaweka alama ya dole gumba. Siku mbili baadaye dada wa Kasulu, mmoja wa wale watatu wa sufuria, akaandika kwamba kengele ndogo za kulia ameziona dukani kwa shilingi 1,500, nimtumie namba ya mzee, na kwamba Jumamosi anapanda basi.