Jina Nililopewa Nikiwa na Miaka Tisa

Nilikuwa na miaka 9 nilipojikwaa kwenye jiwe la volkano nikamwaga beseni zima la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ilikuwa hapa Goma, miezi michache baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, na njia za mtaani kwetu zilikuwa mawe matupu, meusi, yenye makali. Sambaza zilitawanyika nyufani, nikawa naziokota moja moja huku goti likitoka damu. Baba mdogo akatoka mlangoni, akatazama, akasema: "Uyu mutoto mikono yake iko ya maji." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Mikono ya Maji.

Jina likashika. Kikombe kikivunjika nyumbani, kabla mtu hajauliza mimi nilikuwa nimeshaomba msamaha. Shuleni, siku ya kazi za mikono, nilijifanya naumwa tumbo. Niliamini kabisa kwamba ndivyo nilivyoumbwa.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya walezi wa vijana, nilisikia habari za Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 akahamia Marekani. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1950 aligawa maisha ya binadamu katika hatua nane, na kila hatua ina swali lake. Mtoto mchanga anapima kama dunia ni ya kuaminika. Kati ya miaka 6 na 12 hivi, swali ni hili: je, naweza kufanya kitu kikafaa? Asipopata nafasi ya kujibu ndiyo, anabaki na hisia kwamba yeye ni pungufu kuliko wenzake. Niliposikia hivyo niliona lile beseni mbele ya macho yangu. Erikson mwenyewe alilelewa na baba wa kambo bila kumjua baba aliyemzaa, na mwaka 1939, alipopata uraia wa Marekani, akajichagulia hilo jina tunalomjua nalo. Mtu huyo alijua uzito wa jina.

Lakini mafunzo yale yalinifanya nimfikirie zaidi baba mdogo. Kabla ya volkano alikuwa na duka katikati ya mji, na alikuwa mtu wa kusalimiwa njiani. Lava ilipita hapo ikishuka ziwani, duka likazikwa na bidhaa zake zote. Tulirudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda tulikokimbilia, tukajibana watu kumi na mmoja katika nyumba ya mbao, naye akashinda mlangoni ameketi, mikono mapajani. Mtu wa makamo, Erikson anasema, anahitaji kuona kuna kitu anakikuza: watoto, kazi, mtaa wake. Yeye hakuwa tena na cha kukuza. Aliponiambia mikono yangu ni ya maji, nadhani alikuwa anaitazama ya kwake.

Kwa hiyo ukisikia mtu mzima wa nyumbani kwako anawabandika watoto majina, mkanye, ndiyo, na usikawie. Kisha umtafutie shughuli. Hata kumpeleka mtoto shule asubuhi ni kitu.

Mimi aliyenitengeneza ni fundi mmoja wa nguo kule Birere. Nilikuwa na miaka 19. Hakuniambia kamwe kwamba nina akili, wala hakunipamba kwa sifa. Alinipa kola moja ya shati. Nikaishona ikapinda. Akaichukua, akapitisha ukucha juu ya mshono, akasimama mahali fulani: "Mpaka hapa umenyooka. Kuanzia hapa ulikimbia. Fumua." Nilifumua mara nne. Ya tano akaitia kwenye shati la mteja bila kusema neno, na mteja akalivaa akaondoka nalo. Nililia nyuma ya mashini, kwa furaha.

Ndiyo maana siamini sana habari ya kumsifia mtoto kila saa. Mpe kazi ndogo inayoweza kuisha: kuchambua maharagwe, kufunga vifungo vya mdogo wake. Mwonyeshe palipo sawa na palipopinda. Atakuamini, kwa sababu umeangalia kweli.

Siku hizi nafundisha wasichana wa miaka 15 mpaka 18. Huyu leo anataka uuguzi, kesho muziki, keshokutwa anabadili kanisa. Wazazi wao wananilalamikia. Mwaka 1966 James Marcia, mwanasaikolojia aliyeendeleza kazi ya Erikson, alieleza kwamba kuna vijana wanaoonekana wametulia kumbe wamepokea tu uamuzi wa wazazi bila kuupima. Mama, baba, mwache apime. Umri wa kutangatanga ndio huo.

Baba mdogo sasa ni mzee. Mwezi uliopita alikuja na koti lake kuukuu limtoshe tena, maana amekonda. Nilipokuwa nampima mabega nikamwomba anisimulie duka lile lilivyokuwa. Akaanza na rangi ya mlango. Akataja rafu moja moja, chumvi ilikokaa, sabuni, vitenge, wateja waliokopa na waliolipa. Koti lilikuwa limeshakwisha naye bado anasimulia. Alipolivaa akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, polepole, mpaka mwisho.

"Ni weye ulishona?"

"Ni mie, baba."

Akaketi tena, akaendelea na habari ya duka.