Jibu kwa dada wa Jinja: samaki wako wa kioo

Dada yangu, umeuliza kama samaki wa kioo uliyemnunua soko la Owino, Kampala, ni wa Murano kweli, kile kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venice, Italia, kwa kuwa ana stika. Stika usiitegemee, hubandikwa na yeyote. Mgeuze samaki, upapase tumboni kwa kidole gumba. Kioo kilichofinyangwa kwa mkono mara nyingi huacha kovu pale kilipokatwa kwenye fimbo ya chuma; wakati mwingine kovu hilo limesuguliwa likawa laini. Ukikuta mshono mwembamba unaopita mgongoni hadi mkiani, huyo katoka kwenye kalibu. Halafu mwinamishe juani: rangi iliyozamishwa ndani ya kioo safi, tabaka juu ya tabaka, haiwezi kukwaruzika kwa ukucha. Ya kupakwa hubanduka.

Wenye majina wana alama zao. Ndege wa kioo wa Oiva Toikka, msanii wa Finland, huchongwa jina chini. Kazi za Lalique, kampuni ya kioo ya Ufaransa, zenye "R." mbele ya jina kwa kawaida ni za kabla ya 1945, mwaka aliofariki mwanzilishi wake, René Lalique.

Ila mimi ningeanzia karibu. Karakana ya kioo ya Kitengela, nje ya Nairobi, huyeyusha chupa na vioo vilivyotupwa. Vipovu vilivyobaki ndani navipenda kupita kiasi.

Kuhusu vumbi letu jekundu: osha kwa maji vuguvugu, na utandike taulo ndani ya beseni kwanza. Kwangu twiga alivunjika shingo kwa kugonga beseni tupu, na gundi haikumrudishia thamani yake.