Re: Muvi ya zamani, wanachuo wanaimba huku wanauawa

Mambo mkuu, hiyo blak end waiti unayoitafuta, wanachuo wanaandaa shoo ya muziki mara mmoja anauawa, itakuwa Sweater Girl ya Paramount, 1942. Ukigugo jina tupu utaletewa mapicha ya yule muigizaji Lana Turner maana "Sweater Girl" ndo walivyombatiza, so ongezea mwaka na jina la Eddie Bracken, muigizaji wa hiyo muvi. Cheki kwanza kama umo wimbo I Don't Want to Walk Without You, anauimba Betty Jane Rhodes, na kiukweli huo wimbo umeipita muvi kwa jina, Harry James aliupiga na bendi yake ukahiti mwaka huohuo. Kama haumo basi jaribu College Scandal ya 1935, Sweater Girl ni stori hiyohiyo wakairudia.