Shingo imevimba, na samaki nala kila siku

SWALI: Naishi Igombe, Mwanza. Sato na dagaa havikosekani kwangu, ila shingo inavimba. Jirani anasema ni rovu, nimekosa madini joto. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa. Samaki wenye madini joto ya kutosha ni wa baharini. Wa maji baridi, kama hao wa Ziwa Victoria, wanayo kidogo.

Tezi ya shingo huyatumia kutengeneza thairoksini, homoni inayoamua kasi ya mwili kutumia chakula. Thairoksini ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa kwa wingi TSH, homoni ya kuichochea tezi ya shingo. Tezi inayochochewa muda mrefu bila malighafi hutanuka, na hilo ndilo rovu.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mjamzito 250, maana ubongo wa mtoto unategemea homoni hiyo. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ifunike mbali na jua na unyevu, na uitie mboga ikikaribia kuiva. Kama mnakula ugali wa udaga, muhogo ulowekwe vizuri: sumu yake huzuia tezi kufyonza madini hayo.

Lakini usijitibu kwa maneno ya jirani. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na ukikonda, huenda homoni imezidi, na madini joto ya ziada yanaweza kudhuru. Pima kwanza TSH na T4, yaani thairoksini. Uvimbe ukiwa mgumu, sauti ikikwaruza au kumeza kukiwa shida, nenda hospitali wiki hiihii.