Uliza Fundi Rangi: Chokaa, silikati au ndoo ya plastiki?

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba kuna rangi zinazoshika ukuta kwa plastiki na kuna zinazoshika kwa madini, basi meseji zikaja nyingi kuliko hata zile za mafundi kukimbia na advansi, na hizo mnajua zilivyo. Nimechukua nne.

Kwa ambaye hakusoma: rangi yoyote ni unga wa rangi pamoja na kitu cha kuugandisha ukutani. Kitu hicho kikiwa akriliki, PVA au alkidi, hiyo ni rangi ya oganiki, yani ile ya plastiki, na humo ndimo zilimo emalshani, silki, wezagadi na rangi ya mafuta, yani karibu kila ndoo iliyopangwa dukani. Kikiwa chokaa, saruji au silikati ya potasiamu, hiyo ni rangi ya madini, isiyo oganiki. Usidanganywe na jina la "rangi ya maji", emalshani ikishakauka ni plastiki.

Mwanangu fundi, nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, kuta nene za mawe. Kila ikikaribia Ramadhani tunapaka silki, Idi inapita vizuri, ikifika Mfungo Tatu chini kote kumeshatoa malengelenge, ukigusa linaanguka bamba zima na nyuma yake unga mweupe. Fundi wa mwisho kabandua yote kapiga plasta ya saruji, akasema sasa basi. Mwaka wa pili huu unyevu umepanda juu zaidi kuliko mwanzo. Hizi rangi ni feki? – Msomaji, Unguja

Shikamoo mama. Rangi haina kosa, na ungenunua ya bei mara tatu ingebanduka vilevile.

Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, ukuta unafika nusu mita, na chini hakuna DPC, ile nailoni ya kuzuia maji ya ardhini ambayo siku hizi tunaiweka juu ya msingi. Kwaiyo maji yanapanda kutoka chini miaka yote na yanapanda na chumvi. Zamani haikuwa shida maana ukuta ulipakwa chokaa, na chokaa ina vitundu vidogo vidogo, maji yakipanda kidogo yanatoka kidogo kwa mvuke na hakuna aliyejua kama yapo. Silki ni ngozi ya plastiki. Kuipaka pale ni kumvalisha koti la mvua mtu anayetoka jasho. Maji yakifika nyuma ya ile ngozi yanakwama, chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua zinasukuma, ndo hayo malengelenge, na ule unga mweupe ndo chumvi yenyewe.

Na plasta ya saruji ndo imeharibu zaidi. Ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na inayabana maji yasitokee pale chini, basi yanazidi kupanda mpaka yapite mwisho wa plasta yatokee juu. Unyevu haukupona mama, umehamishwa.

Dawa yake ni ya taratibu na mafundi wengi hawaitaki kwa kuwa haina hela ya haraka. Hiyo saruji ibanduliwe, na silki ikwanguliwe yote kwa kwangua ya mkono, msiichome moto wala msiipige msasa mkavu, kwenye nyumba kongwe tabaka za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi (ledi) na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ukuta ubaki uchi ukauke, na hapa sisemi wiki, ni miezi, chumvi itakayojitokeza mnaifagia kwa brashi kavu na kuitoa nje, msiioshe kwa maji maana mtairudisha ndani. Halafu plasta ya chokaa, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni jamani, mtakuwa mmeleta chumvi kwa toroli. Chokaa iliyolowekwa ikakaa wiki kadhaa inakuwa laini na inashika vizuri kuliko ya mfuko iliyokorogwa asubuhi hiyohiyo.

Ndo mnakuja kwenye kupaka. Chokaa ichujwe kwa kitambaa, iwe nyepesi kiasi cha kuchuruzika kwenye brashi. Ukuta ulowe kwanza, sio kutiririka, unyevunyevu tu. Ukipaka mkono wa kwanza, yani tabaka la kwanza, utaona kama hukupaka kitu, ukuta ni uleule, na hapo ndipo asiyejua anaongeza unene akidhani kapunjwa, kesho yake inapasuka na kupukutika. Subiri, inavyokauka weupe unajitokeza wenyewe. Mikono mitatu mpaka mitano myembamba, kila mmoja na siku yake. Maana chokaa haikauki tu, inavuta kaboni daioksaidi hewani na kugeuka tena kuwa kalsiamu kabonati, jiwe lilelile lililochomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, na mgeuko huo unataka unyevu. Ukipaka saa saba mchana jua linapiga, maji yanakimbia kabla kazi haijaisha, utabaki na unga unaochafua kanzu za watu. Mabibi zetu walitia bluu ya kufulia kidogo ili weupe uwake, na wengine chumvi ili ikauke polepole. Bluu sawa. Chumvi kwenye ukuta unaoumwa chumvi mie siitaki.

Miwani ya kazi lazima, chokaa mbichi ni kali kweli, ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi dakika 15 hata 20 kisha hospitali, usisubiri ipoe yenyewe. Na kabla ya kugusa nje pitieni kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, huo mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kazi za nje zina kibali chake.

Baada ya hapo haimaanishi hamtapaka tena. Chokaa inachakaa, mtarudia mkono mmoja kila baada ya muda. Ila mtapaka juu kwa juu, hamtakwangua tena.

Mkuu habari. Nipo Kigamboni, nje nimemaliza plasta wiki mbili zilizopita, ndani nishapiga skimu ya jipsamu. Kuna jamaa ananiuzia rangi ya silikati anasema ya Ujerumani, inakaa miaka 100, haipauki haibanduki. Bei imesimama balaa. Nipige nyumba nzima au nachomwa? – Msomaji, Dar

Huchomwi, ila kakusimulia nusu.

Rangi hiyo ipo kweli na ni ya zamani, Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878, na huko Ujerumani na Uswisi kuna majengo yenye rangi hiyo yaliyovuka miaka 100. Gundi yake ni silikati ya potasiamu, wengine wanaiita glasi ya maji. Haikai juu ya plasta, inaingia ndani kidogo na kufanya mmenyuko na chokaa na madini yaliyomo, rangi na ukuta vinakuwa kitu kimoja, ndo maana haina cha kubanduka. Jua haliiwezi pia, kwa sababu mionzi ya jua inavunja plastiki lakini haivunji jiwe. Pitisha kiganja kwenye ukuta wowote wa nje uliopakwa emalshani ya bei chee miaka mitano iliyopita uone mkono utakavyokuwa mweupe, gundi imeliwa na jua, unga umebaki peke yake.

Sasa nusu nyingine. Kwanza, silikati inataka ukuta wa madini ulio uchi: plasta ya saruji, ya chokaa, zege, jiwe. Jipsamu haishikani nayo, na juu ya emalshani ya zamani ndo kabisa. Kwaiyo ndani kwako isahau, umeshafunga mlango mwenyewe. Pili, haivutiki. Plasta zetu hizi zina nyufa za unywele kila mahali, mchanga ulikuwa na vumbi, fundi hakumwagilia, unazijua. Akriliki nzuri inavutika kidogo na kuzifunika, silikati itakuonyesha kila ufa. Tatu, haikupi kila rangi, kwa sababu inakubali rangi za madini tu, oksidi za chuma na ndugu zake, nyekundu ya udongo, njano ya udongo, kijivu, kijani tulivu. Ukitaka pinki ya kuwaka au zambarau rudi kwenye ndoo za kawaida, ambazo zenyewe rangi hizo kali ndo za kwanza kupauka. Na mwambie atakayepaka afunike vioo na fremu za alumini, tone la silikati likikaukia kwenye kioo linakula kioo, halitoki hata kwa wembe.

Tena muulize huyo jamaa ni silikati ya aina gani. Ile ya asili inakuja vitu viwili, unga na maji yake, unachanganya mwenyewe. Ile ya ndoo moja iliyo tayari ina akriliki kidogo ndani, na kiwango cha Ujerumani DIN 18363 kinataka oganiki isizidi asilimia 5. Kama karatasi ya bidhaa haina hata jina la hicho kiwango, hapo unauziwa emalshani yenye hadithi.

Mie ningekuwa wewe, hela hiyo ningenunulia akriliki ya nje ya daraja la juu na praima ya kuhimili alkali, ule ukali wa saruji. Na usipake sasa hivi! Plasta ya wiki mbili bado kali, ipe siku 28 angalau. Wale wanaokimbilia rangi ya mafuta kwenye plasta mbichi wanakuja kulia kwangu, alkali ya saruji inakutana na mafuta ya alkidi na vinageuka sabuni, kweli kabisa sabuni, rangi inabaki inanata miezi.

Fundi salama? Mimi naishi bedsita Mombasa, kona ya ukuta karibu na bafu ina ukungu mweusi, landlodi anapaka emalshani juu yake kila mara na unarudi. Nimeskia chokaa inaua ukungu. Naeza paka mwenyewe? – Msomaji, Bamburi

Salama dada. Chokaa ikiwa mbichi alkali yake inafika pH 12 na kitu, ukungu hauwezi kuishi hapo. Lakini ikishageuka jiwe ukali unashuka, kwaiyo usitegemee itakulinda milele kama mvuke wa bafu na wa sufuria unaendelea kutua hapohapo. Halafu juu ya hizo emalshani za landlodi haitashika, itamwagika unga.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Chukua nailoni ngumu, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache siku nzima. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe una maji, labda paipu ya bafu inavuja, na hiyo ni kazi ya landlodi, mpigie picha. Yakiwa mbele, ni mvuke wako wa chumbani, fungua dirisha ukipika na ukioga, sogeza kabati mbali na hiyo kona. Ukungu wenyewe ufute kwa jiki iliyozimuliwa, dirisha wazi, glavu mkononi, na usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo wala siki, inatoa gesi mbaya. Ukuta ukishakauka kabisa emalshani ya kawaida inatosha, si lazima kitu cha maana.

Nitajuaje kama ukuta wa zamani una chokaa au emalshani? Muuza nyumba hajui. – Msomaji, Tanga

Rusha maji kidogo. Yakinywewa mara moja na pakawa na doa jeusijeusi, ukuta unapumua, yakisimama kwa matone na kuteleza, kuna plastiki au mafuta. Kisha kwangua kipande kidogo ukishike kwa koleo juu ya kiberiti, nje, sio chumbani: plastiki inajikunja na kunuka, chokaa inakaa tu inakutazama. Wengine wanakamulia ndimu, kikitoa mapovu wanasema chokaa. Hiyo nusunusu, maana emalshani za bei ya chini zinajazwa unga wa chaki nazo zinatoa mapovu.

Nyumba nyingi za Tanga mjini utakuta vyote viwili, chokaa tabaka kwa tabaka chini na emalshani ya juzi juu yake. Chukua wembe, kata pembeni ya swichi ambako hakuna aliyekwangua, utaziona tabaka zimepangana. Emalshani iliyokaa juu ya chokaa inayopukutika ing'oe yote hata kama inaonekana imeshika, kwa sababu ukipaka kitu kipya kizito juu yake kitavuta na kushuka nayo.