Je, virutubisho vya chupa vitaondoa mafuta kwenye ini langu?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Umoja, Nairobi. Nina umri wa miaka 46, nina kisukari aina ya pili na ninatumia metformini. Hivi majuzi nilipigwa picha ya ultrasaundi ya tumbo nikaambiwa kwamba ini langu lina mafuta, ingawa pombe sijawahi kuionja. Jirani yangu anayeuza virutubisho aliniuzia chupa tatu: ya manjano, ya silimarini na ya vitamini E, akanihakikishia kwamba nikizimaliza ini litakuwa safi. Ile ya manjano nimeshaianza. Je, niendelee? Na mume wangu wa miaka 58, ambaye hana kisukari wala hajawahi kupimwa ini, anaweza kutumia vitamini E hiyo ili ajikinge?

JIBU: Dada yangu, vidonge vya manjano viache leo. Sisemi juu ya manjano unayotia kwenye mchuzi, ambayo haina neno. Nasema juu ya vidonge. Ukisoma maandishi madogo kwenye chupa za aina hiyo, mara nyingi utakuta miligramu 500 au zaidi za kurkumini, yaani kiini cha manjano kilichokolezwa, pamoja na piperini inayotokana na pilipili manga. Piperini huwekwa kwa makusudi, kwa kuwa kurkumini ikiwa peke yake haifyonzwi vizuri na mwili, lakini ikichanganywa nayo huingia kwenye damu kwa wingi. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani wanaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za manjano. Watano kati yao walilazwa hospitalini na mmoja alifariki. Madhara hayo ni nadra, lakini wewe ini lako tayari lina tatizo, na sioni sababu ya kulibahatisha. Ukiona macho yamegeuka rangi ya manjano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, au mwili unawasha pamoja na kichefuchefu, nenda hospitali siku hiyohiyo na uibebe chupa yenyewe. Mhudumu wa afya anaweza pia kupeleka taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hupokea ripoti za madhara ya aina hii.

Silimarini hutokana na mbegu za aina ya mbigili. Haina madhara makubwa kwa watu wengi, ila majaribio yaliyofanywa hayajathibitisha kwamba inaondoa makovu ya ini. Kwa maoni yangu, ni fedha iliyopotea.

Vitamini E ndiyo inayostahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi wa maana. Katika jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2010, asilimia 43 ya watu wazima waliotumia yuniti 800 kila siku kwa wiki 96 walipata nafuu ya uvimbe wa ini unaoletwa na mafuta (si saratani), ilhali kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa waliopata nafuu walikuwa asilimia 19. Wauzaji huinukuu habari hiyo na kuishia hapo. Wasichokisema ni kwamba washiriki wote walikuwa wamekatwa kipande kidogo cha ini kikachunguzwa, uvimbe ukathibitishwa, na kwamba wenye kisukari hawakuruhusiwa kushiriki. Kwa hiyo jaribio hilo halikuhusu mtu wa hali yako, na zaidi ya hayo, makovu ya ini hayakupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Lililo la haraka kwako ni kujua kama ini limeanza kupata makovu, kwa maana picha ya ultrasaundi huonyesha mafuta lakini haitoshi kupima makovu. Mwombe daktari wako akufanyie hesabu ya FIB-4, inayotumia umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu. Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Likizidi hapo, utahitaji kipimo cha ugumu wa ini, ambacho Nairobi kinapatikana. Upimwe pia homa ya ini ya aina B na C, kwa sababu mafuta hayazuii ugonjwa mwingine kuwepo.

Mafuta hayo yaliingia kwenye ini kwa sababu mwili wako hauitikii insulini ipasavyo, na sukari inayozidi hugeuzwa kuwa mafuta humohumo kwenye ini. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito wako, mafuta huanza kupungua. Ukifikia 7 hadi 10, uvimbe nao hutulia, na wanaopunguza 10 au zaidi wana nafasi nzuri ya kuona hata makovu yakirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Anza na vinywaji: soda ya mililita 500 huwa na takriban gramu 50 za sukari, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, ikinywewa mara tatu kwa siku, inaikaribia. Kahawa isiyo na sukari haina ubaya. Tafiti nyingi zimeihusisha na makovu machache ya ini. Kama unataka omega-3, yaani mafuta mazuri ya samaki, omena wanayo, na hawana piperini. Muulize daktari pia kuhusu dawa za kisukari zinazopunguza uzito. Mojawapo, semaglutidi, iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2025 kwa wenye uvimbe na makovu ya ini ya wastani au makubwa ambayo hayajafikia sirosisi, yaani hatua ya mwisho ambapo ini limejaa makovu. Bei yake bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi za hapa, na hilo linaniumiza.

Kuhusu mume wako, jibu langu ni hapana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanaume wenye afya waliotumia yuniti 400 za vitamini E kila siku walipata saratani ya tezi dume zaidi ya wenzao kwa asilimia 17. Katika umri wa miaka 58, bila ugonjwa wowote wa ini uliothibitishwa, atakuwa amejitwika hatari hiyo bila faida. Apimwe sukari, shinikizo la damu na kiuno, na chupa ya vitamini E mrudishieni jirani ikiwa haijafunguliwa.